UZI: Nguzo za mawe za Ziwa Turkana, nani alizisimamisha na zilikuwa za kazi gani?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila ukifunguliwa mjadala wa mawe ya kale humu ndani tunaishia Stonehenge ya Uingereza na piramidi za Misri, na anayejitahidi kuleta ya Afrika kusini mwa Sahara anatuletea Zimbabwe Kuu, ambayo kwa kweli ni ya juzi tu, haijafika hata miaka elfu moja na ushee. Leo naomba tukae na nguzo za Turkana kaskazini mwa Kenya. Ni za kwetu huku Afrika Mashariki, ni za kale kuliko wengi wanavyodhani, na inaniuma kwamba hata Mkenya ukimuuliza habari za Turkana atakutajia mafuvu ya binadamu wa kale na upepo basi.

Iko hivi. Pembezoni mwa Ziwa Turkana kuna sehemu kadhaa ambazo watu wa zamani walisimamisha nguzo za mawe meusi. Upande wa magharibi zinajulikana nne: Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol. Upande wa mashariki inayojulikana zaidi ni Jarigole, kule karibu na hifadhi ya Sibiloi. Kubwa kuliko zote ni Lothagam Kaskazini na ujenzi wake ulianza miaka kama 5,000 iliyopita. Weka hapo pembeni piramidi kubwa ya Giza, ina miaka kama 4,500, na yale mawe makubwa ya Stonehenge yalisimamishwa miaka hiyohiyo ya 4,500. Kwa hiyo wakati Khufu, farao mwenye hiyo piramidi, hajazaliwa kuna watu hapa Turkana walikuwa tayari wanabeba mawe.

Sasa kilichopo chini ya zile nguzo za Lothagam Kaskazini ndo habari yenyewe. Wale watu walichagua sehemu, wakaondoa mchanga wa ufukwe wa ziwa la zamani mpaka wakafika kwenye mwamba, wakatengeneza shimo pana la karibu mita za mraba 120, wakapanga mabamba ya mawe kwenye kingo za ndani, alafu wakazungushia jukwaa la mviringo lenye upana wa kama mita 30 ambalo ukingo wake ni mawe makubwa. Ndani ya lile shimo wakawa wanazika watu wao. Siyo siku moja, ni kwa karne kadhaa, vizazi na vizazi, mmoja juu ya mwenzie, wamebanana. Liliposhiba wakalifunika kwa mawe, wakazisimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimetolewa hadi kilomita moja kutoka pale. Pembeni wakaongeza miduara ya mawe na marundo mengine.

Makadirio ya watafiti ni kwamba mle ndani kuna watu wasiopungua 580. Wanaume wamo, wanawake wamo, watoto wamo, wazee wamo. Na karibu kila mtu kazikwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, pete na bangili za meno ya kiboko. Mmoja wao alikutwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani, meno zaidi ya 400, yaani panya zaidi ya 100 walikamatwa na meno yao yakatolewa moja moja yakapangwa ili mtu mmoja apendeze. Hebu fikiria mikono iliyofanya ile kazi, jino la panya lilivyo dogo.

Lakini huyo mwenye pambo la panya hakupewa chumba chake. Yuko humo humo na wenzake. Hakuna kaburi la mfalme katikati na watumwa pembeni, hakuna kona ya matajiri. Na hapa ndipo nataka tujadili, maana miaka yote tumefundishwa kwamba mnara mkubwa ni dalili ya mfalme, kodi na watu wa kusukumwa kwa fimbo. Hawa walikuwa wafugaji wa kuhamahama, wafugaji wa mwanzo kabisa huku kwetu, na walijenga hiki kitu bila dalili yoyote ya tabaka la juu na la chini.

Karibuni.

Kifaru Mpole

Mkuu heshima yako, uzi mzuri sana. Mimi nilishawahi kusoma kwamba zile nguzo ni kalenda ya nyota, kwamba Wakushi wa zamani walizipanga zielekee Kilimia na nyota nyingine ili wajue miezi. Hiyo ya makaburi imetoka wapi tena? Au ni sehemu mbili tofauti?

Mwana wa Ujiji

Kifaru Mpole swali zuri mkuu na ndo nilikuwa nalisubiri, maana ukitafuta mtandaoni hiyo ya kalenda ndo inakuja kwanza.

Hiyo inahusu Kalokol, wengine wanaiita Namoratunga, iko pembeni ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol na ina nguzo 19. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwenye jarida la Science kwamba zile nguzo zimeelekezwa kwenye nyota saba au makundi ya nyota ambayo Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wanayatumia kwenye kalenda yao, ikiwemo Kilimia na Sirius, wakasema ni kazi ya kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Na kalenda ya Waborana siyo mchezo, ni ya kweli kabisa, ina miezi 12 na siku 354, wanaoangalia mwezi na nyota kwa pamoja wapo mpaka leo. Kwa hiyo wazo lao halikuwa la kijinga, lilikuwa na mashiko.

Tatizo ni mbili. La kwanza, mwaka 1982 Robert Soper alirudi kupima upya mielekeo akaona mingi haikai vile ilivyoandikwa, na ile miamba yenyewe ina usumaku, dira ukiisogeza karibu inayumba. Alafu fikiria nguzo 19 zimejazana sehemu moja, ukichukua mbili mbili unapata mistari 171, na mbinguni kuna nyota za kutosha, ni lazima baadhi ya mistari itaangukia kwenye nyota fulani hata kama aliyesimamisha hakuwa na habari nazo. Wapo waliokuja baadaye wakaitetea hoja ya nyota kwa hesabu, kwa hiyo siwezi kusema mjadala uliisha siku hiyo.

La pili kwangu mimi ndo zito zaidi: umri. Walipokuja kuchimba vizuri miaka ya 2000 na kitu chini ya Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, wakishirikiana na wenzake wa Kenya na nchi nyingine, ikaonekana nguzo za Kalokol ni za kundi moja na Lothagam, za miaka 4,000 mpaka 5,000 iliyopita. Sasa nyota zinahama taratibu angani kadiri maelfu ya miaka yanavyopita, kwa hiyo mstari ulioupigia hesabu ya anga ya mwaka 300 kabla ya Kristo hauwezi kubaki uleule ukirudi nyuma miaka 2,000 zaidi. Hoja ya kalenda ilijengwa juu ya tarehe, tarehe ikihama na hoja inabaki inaning'inia.

Mimi msimamo wangu ni makaburi na mahali pa kukutania. Kama walikuwa wanaangalia nyota pia sawa, mfugaji gani haangalii nyota, ila nguzo hazikuwekwa kwa ajili hiyo.

Eyanae Lodwar

Salamu kutoka Lodwar ndugu zangu. Mimi ni Mturkana na hapo Kalokol nimepita tangu nikiwa mdogo, naomba niongeze kidogo.

Sisi nyumbani tunaambiwa wale walikuwa watu. Walikuwa wanacheza ngoma, akatokea pepo mbaya katikati yao, wakamcheka, na wakageuka mawe palepale walipokuwa wamesimama. Ndio maana zimesimama zimeinama hivi na hivi, ukiziangalia jioni utaona kweli kama watu wako kwenye mduara wa ngoma. Mtu akipita anaokota kajiwe kadogo anakaweka juu ya nguzo. Utakuta nguzo nyingi zina vijiwe juu yake, vingine vimeanguka vimerundikana chini. Mimi mamangu alikuwa hawezi kupita bila kuweka, hata kama tumechelewa na jua linachoma, anasimama anaweka alafu tunaendelea. Hatukuulizwa kama tunaamini au hatuamini, ni heshima.

Kwa hiyo mnapojadili naomba mjue hapo siyo mahali palipokufa. Wanaoweka vijiwe wapo leo.

Mwana wa Ujiji

Eyanae asante sana ndugu yangu, hii ndo faida ya uzi kufika mbali. Na hiyo hadithi ya watu wa mawe imeandikwa hata na watafiti, hawakuipuuza.

Niseme tu kwa ajili ya wengine kwamba Waturkana kama kabila walifika upande ule karne chache zilizopita, kwa hiyo siyo wao waliosimamisha nguzo, na wao wenyewe hawadai hivyo, hadithi yao inasema tu ni watu waliogeuka mawe. Lakini kuna kitu kinanigusa hapo, waliokuja hawakuzing'oa. Nguzo nzuri ndefu kama zile zingefaa kwa mambo mengi tu, wakaziacha na wakaanza kuziheshimu. Bila hiyo heshima leo tusingekuwa na cha kujadili.

Mjukuu wa Mkwawa

Mimi nauliza jambo moja, nani aliyezichonga? Nimeona picha, nguzo zina pande zilizonyooka kabisa kama zimekatwa na mashine. Miaka 5,000 iliyopita huku kwetu chuma hakikuwepo. Msiniambie ni watu wa kawaida. Hata Biblia inataja Wanefili, majitu yaliyokuwepo duniani zamani, kwa nini tusiliangalie hilo?

Mwana wa Ujiji

Mjukuu wa Mkwawa mkuu wangu, hazikuchongwa na mtu. Ule ni mwamba wa basalti, yaani lava ya volkano iliyotoka ikapoa. Lava nzito ikipoa taratibu inasinyaa na kupasuka kwa mpangilio, vile matope ya bwawa yanavyopasuka vipande vipande wakati wa kiangazi, ila hii mipasuko inashuka kwenda chini kabisa na inaacha nguzo zenye pande tano au sita zilizonyooka. Vilima vya Lothagam vina basalti. Kwa hiyo walichofanya ni kwenda pale mwamba ulipojipasua wenyewe, kuchagua, kung'oa, kubeba na kusimamisha. Kuchonga haikuhitajika. Kubeba ndo kulihitajika, na kubeba kunataka watu wengi wanaoelewana, siyo majitu.

Na kuhusu Wanefili, mimi ni mtu wa imani pia sitaki kuligusa hilo kwa kejeli, ila mifupa iliyotoka mle kaburini ni ya watu wa kimo cha kawaida kabisa. Pete za meno ya kiboko ni za vidole vya kawaida. Tukisema ni majitu tunawanyang'anya watu wa kweli kazi yao, na hawa watu wa kweli tayari wamenyang'anywa vya kutosha, kuna wengine huko mtandaoni wanasema ni Wamisri, wengine viumbe kutoka anga za juu, ilimradi tu asiwe mchunga mbuzi wa Turkana.

Dada wa Pangani

Naomba kuuliza kwa upole tu. Hao 580 walihesabiwaje? Kama wamefukua makaburi ya watu 580 wote basi hapo sijapenda kabisa, wale ni marehemu. Na kama hawakufukua wote namba wameipata wapi?

Mwana wa Ujiji

Dada yangu hawakufukua wote, sehemu waliyochimba ni ndogo tu. Walichofanya walipitisha rada inayopenya ardhini juu ya jukwaa zima, ile mashine inatuma mawimbi chini na kuonyesha wapi kuna mwamba, wapi kuna shimo, kingo zake ziko wapi. Hapo wakajua shimo lina ukubwa wa karibu mita za mraba 120. Alafu kwenye ile sehemu ndogo waliyochimba wakaona watu wamezikwa kwa msongamano kiasi gani, wakapiga hesabu kwa shimo lote. Ndo maana wanasema wasiopungua 580, ni makadirio ya chini, wanaweza kuwa wengi zaidi. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Hofu yako ya marehemu naielewa na naiheshimu. Mimi naona bora vile, wachimbe kidogo waache kingi, teknolojia ya kesho itauliza maswali ambayo leo hatuyajui na itakuta bado kuna kitu hakijaguswa.

Mkulima Kibaigwa

Mleta uzi nakupongeza ila hapa kwenye kutokuwa na mkubwa mimi nakataa. Hakuna kazi ya watu wengi inayoenda bila mtu wa kusema beba, weka, subiri. Kwenye kuchimba mfereji tu wa kijiji bila mwenyekiti watu wanatawanyika saa nne. Shimo la kuzika watu 580 kwa karne kadhaa lilienda vipi bila mtawala?

Mwana wa Ujiji

Mkulima hoja yako ni ya msingi sana na sitaki kuikwepa. Tutofautishe kiongozi na tabaka. Hakuna anayesema hapakuwa na mzee wa kupanga kazi, lazima alikuwepo. Kinachosemwa ni kwamba huyo mzee alipokufa hakuzikwa kama mtu wa aina nyingine. Misri mkubwa akifa unajua tu, kaburi lake linameza mali ya nchi nzima. Hapa mkubwa na mtoto wa jirani wanaingia shimo moja na kila mmoja na shanga zake. Kama uongozi ulikuwepo ulikuwa wa kazi, haukuwa wa damu na mali.

Boru wa Marsabit

Naomba nimsaidie mleta mada hapo kwa Mkulima. Mimi ni Mborana. Sisi tuna visima vinaitwa tula, upande wa kusini mwa Ethiopia hasa, virefu mno, watu wanasimama kwenye ngazi mmoja juu ya mwingine wanapitishiana ndoo kutoka chini huku wanaimba mpaka maji yafike kwenye birika la ng'ombe. Kuchimba kisima kama kile na kukitunza ni kazi kubwa na haikusimamiwa na mfalme maana hatukuwa na mfalme. Kuna msimamizi wa kisima, anaitwa aba herega, anapanga zamu za mifugo na zamu za kazi, na watu wanamtii kwa sababu bila yeye wote wanapoteza ng'ombe. Lakini nyumbani kwake ni mtu kama wengine. Mfugaji akikaa na wenzake kwa rika na kwa ukoo kazi kubwa inafanyika. Mimi hizo nguzo sioni cha kushangaza, nashangaa wanaoshangaa.

Mwana wa Ujiji

Boru umemaliza kila kitu hapo kaka. Asante.

Mkulima Kibaigwa

Boru nimekuelewa, mfano wa kisima umekaa sawa. Bado najiuliza lakini, kwa nini kaburi? Mtu wa kuhamahama anazika anapofika anaendelea na safari. Kwa nini wabebe maiti au mifupa mpaka sehemu moja kwa miaka mamia?

Mwana wa Ujiji

Hapa ndo moyo wa uzi wote, ngoja niandike kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Tuanze na ziwa. Miaka kama 9,000 mpaka 6,000 iliyopita huku kote kulikuwa na mvua nyingi, Sahara yenyewe ilikuwa na majani na maziwa, na Ziwa Turkana lilikuwa limejaa karibu mita 100 juu ya lilivyo leo mpaka lilikuwa linamwagika kwenda mto Nile. Watu waliokaa pembeni walikuwa wavuvi na wawindaji, pale Lothagam zimekutwa ncha za chusa za mifupa walizokuwa wanavulia. Baadaye mvua ikaanza kukata. Miaka kama 5,000 iliyopita ziwa likashuka makumi ya mita, na ziwa lile lina kingo za tambarare sehemu nyingi, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu ufukwe unarudi nyuma kilomita nyingi. Mzee aliyezaliwa karibu na maji anakufa akiwa anaishi kwenye uwanda mkavu wenye nyasi.

Wakati huohuo Sahara inakauka na wafugaji wanashuka na ng'ombe, kondoo na mbuzi kutafuta malisho, mpaka wanaingia bonde la Turkana. Ule uwanda mpya ulioachwa na maji ni malisho mazuri. Lakini ni nchi ngeni. Hujui mvua itanyesha wapi, hujui magonjwa ya mifugo ya pale, unakutana na wavuvi ambao lugha huijui. Ufugaji wenyewe kwa eneo lile ulikuwa kitu kipya kabisa.

Sasa mfugaji kwenye hali ile mtaji wake mkubwa ni watu. Ukame ukikupiga upande huu unamkimbilia shemeji aliye upande ule akukopeshe mtamba uanze tena, Mmaasai na Mturkana wanafanya hivyo mpaka leo. Lakini watu wametawanyika, kila familia na kundi lake, msimu huu huko msimu ujao kwingine. Mnakutana wapi? Mnakumbushana vipi kwamba nyinyi ni wamoja? Ziwa lenyewe linahama, mto unakauka, mti unakufa. Mahali pa wafu wenu hapahami. Ukijua babu yako, shangazi yako na mtoto wako wa kwanza wako pale chini ya yale mawe, utarudi. Na ukirudi utawakuta wengine wamerudi. Pale mtazika, mtachinja, mtapeana habari za malisho, mtaoana, mtaelewana nani anachunga wapi.

Hivi ndivyo Hildebrand na wenzake wanavyolisoma lile kaburi na mimi nakubaliana nao moja kwa moja. Na ndo inaeleza kwa nini kila mtu kazikwa sawa. Kama kazi ya mahali ni kuwaunganisha watu waliotawanyika huwezi kuanza kuwapanga kwa daraja palepale.

Angalia hata zile shanga. Kuna za mawe ya kijani, amazonaiti, za rangi ya waridi, nyekundu, nyeupe, mawe ya aina nyingi tofauti. Kila shanga imetobolewa kwa mkono. Hii siyo mali ya mtu mmoja aliyelimbikiza, imesambaa kwa watu wengi kaburini, mtoto anayo na bibi anayo.

Dada wa Pangani

Nimeisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Mtoto naye kapewa shanga. Asante mleta uzi, umeniondolea ule uzito niliokuwa nao.

Kifaru Mpole

Mkuu na kulikoni wakaacha? Walikufa wote?

Mwana wa Ujiji

Hapana, hawakuacha kwa fujo na hilo ni jambo la kuangalia kwa makini. Hakuna dalili ya watu kukimbia kazi ikiwa nusu. Shimo lilijaa, wakalifunga kwa utaratibu, wakalisawazisha kwa mawe juu, nguzo zikasimama. Ni watu waliomaliza. Hali ya ziwa nayo ilikuwa imeanza kutulia kwenye kimo cha chini, nchi haikuwa ngeni tena.

Alafu ufugaji ukaendelea kushuka kusini. Miaka kama 3,000 iliyopita wafugaji wako Bonde la Ufa la kati kule Nakuru, na hapa kwetu Tanzania wako mpaka Serengeti na nyanda za Mbulu. Pale Luxmanda mkoa wa Manyara kuna makazi yao makubwa ya miaka kama 3,000, yamechimbwa na timu ambayo ndani yake yumo Profesa Audax Mabulla wa kwetu, na Katherine Grillo ambaye ni mmoja wa waliochimba Lothagam. Mwaka 2019 ilitoka kazi ya vinasaba vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, ikaonyesha ni mchanganyiko: asili ya kaskazini mashariki mwa Afrika, asili ya upande wa Sudan, na wawindaji wenyeji wa hukuhuku. Kwa hiyo ule uwanda wa Turkana ulikuwa mlango, na waliopita pale damu yao ipo kwa watu wengi wa leo kuanzia Kenya mpaka kwetu.

Mjukuu wa Mkwawa

Mbona sasa huku kusini hawakusimamisha nguzo? Kama ni desturi yao tungeziona Mbulu na Ngorongoro.

Mwana wa Ujiji

Kuzika pamoja waliendelea nako, nguzo ndo waliziacha. Kule Kenya karibu na Nakuru kuna pango la Mto Njoro, Louis na Mary Leakey walilichimba 1938, wakakuta mabaki ya watu kama 80 waliochomwa na kuwekwa pamoja na mabakuli ya mawe na shanga nyingi. Ngorongoro kuna marundo ya mawe ya kuzikia. Karibu na Ziwa Eyasi kuna pango la Gishimangeda lenye makaburi ya wafugaji haohao. Mapango na marundo badala ya nguzo. Mimi naona huku hawakuwa na shida ileile, ufugaji ulishazoeleka, mitandao ya koo ilishajengeka, nchi ilikuwa na alama zake, milima mikubwa inaonekana kutoka kila upande.

Eyanae Lodwar

Ndugu yangu swali langu la mwisho ni la ulinzi. Upande wa mashariki Jarigole iko karibu na hifadhi ya taifa, kuna askari wa wanyamapori. Huku kwetu magharibi nguzo ziko tu wazi, barabara inapita, watu wanakuja na magari wanapanda juu kupiga picha.

Mwana wa Ujiji

Hilo linanikera sana Eyanae. Kisheria zinalindwa, Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 na yeyote anayeharibu ana kosa, ila sheria bila mtu wa kusimama pale haitoshi. Urithi wa dunia wa UNESCO ni wa hifadhi za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi na Kisiwa cha Kati vilivyowekwa 1997, na Kisiwa cha Kusini kilichoongezwa 2001, nguzo za magharibi hazimo. Kama uko karibu na wazee wa pale au ofisi ya utamaduni ya kaunti, ombeni hata uzio wa mawe ya chini na kibao cha Kiturkana na Kiswahili kinachosema haya ni makaburi, msipande. Mtu akijua anakanyaga makaburi anashuka. Na vijiwe vya wazee viachwe waendelee kuweka.

Wadau wa Babati na Mbulu mnaolijua eneo la Luxmanda nawaomba mlete picha na mlichosikia kwa wazee wa Kiiraqw kuhusu pale, tuendelee nalo kwenye ukurasa unaofuata.